Zoezi la Nane

Mwalimu wangu,

Hatukuonana hata siku moja. Wewe Tabora, mimi Kawajense hapa Mpanda, na kati yetu bahasha za masomo ya posta zikienda na kurudi kwa treni. Lakini ndiwe uliyenifundisha hesabu, na kesho asubuhi naingia kwenye mtihani wa kidato cha nne bila wewe.

Kuna jambo lazima nikuambie kwanza. Lile zoezi la nane halikuwa na kosa hata moja. Hukuweka alama, uliandika kwa wino mwekundu: "Skolastika, wewe ukikosea unafuta kwa mate mpaka karatasi inatoboka. Hii haina tundu. Nani kafanya?" Nilishtuka. Mume wangu mwenyewe hajui kwamba nafuta kwa mate. Nikakujibu kwa hasira kwamba kazi ni yangu, na kwamba huwezi kumjua mtu ambaye hujawahi kumwona.

Nilikudanganya. Alifanya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mimi nikanakili tu.

Ulinyamaza wiki tatu. Nikashindwa kuvumilia, nikalifanya upya peke yangu, nikaweka na barua ya kukuomba radhi, nikapeleka posta. Bahasha ilirudi na alama za vema za mkono mwingine, neno "Vizuri", na kikaratasi cha kunijulisha kwamba umefariki. Barua ya radhi ilikuwa bado imekunjwa vilevile. Nililia mbele ya karani wa posta, mwanamke mzima. Kinachoniuma ni kwamba huenda maneno yangu ya mwisho uliyosoma ni yale ya hasira.

Sasa shemeji naye anarudia mtihani. Tulijiandikisha siku moja, namba zetu zinafuatana, yeye mbele, mimi nyuma. Leo mchana kaniambia, "Shemeji, usijitese. Mi n'taegemea kushoto, we angalia tu." Mume wangu akacheka, akakubali. Nami, Mungu anisamehe, sikusema kitu. Jometri bado inanichanganya, na nikifeli safari hii nyumbani hawataniruhusu kujaribu tena.

Lakini nimeamua. Kesho, kabla karatasi hazijagawiwa, nitasimama nimwombe msimamizi anihamishie dawati jingine, shemeji akisikia. Watanuna. Acha wanune.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi, nikifaulu au nikifeli, safari hii nitakuwa mimi.

Skolastika