Hodan Amehama na Ngamia

Jumanne, Habaswein. Upepo unavuma tangu asubuhi, mchanga mpaka ndani ya chai. Naogopa. Nimeanza na hilo nisije nikajidanganya.

Majibu ya Hodan yametoka leo. Ana kifua kikuu.

Hodan ana miaka mitatu. Babu yake ndiye aliyegunduliwa kwanza, na kazi yangu ya kujitolea pale zahanati ni hiyo: mtu mzima akipatikana na ugonjwa, mimi naenda kwao kutafuta watoto wanaovuta hewa moja naye. Nilipofika, mama yake Hodan alinionyesha kikombe na sahani ya mzee, vimewekwa kando, safi kabisa.

"Abaayo, dada yangu, hapa hakuna shida. Kikombe yake hakuna mtu anagusa."

Kisha nikaona mkeka wa mzee, na Hodan amejikunja hapo ndani ya shuka la babu yake. Ndipo anapolala siku zote, maana mzee akimkosa hapati usingizi. Subhanallah! Kikombe wametenga, pumzi wanagawana. Nilieleza kwamba ugonjwa huu unapita hewani, nikaeleza tena, mpaka koo likanikauka. Mtoto alikuwa mifupa mitupu na mwili una moto. Mama akasema ni meno.

Mtoto wa umri huo hajui kutema makohozi, huyameza, kwa hiyo tulipeleka choo chake maabara. Huko kusubiri majibu ndiko kulikotuponza. Mvua ikanyesha upande wa Hadado, na mvua ikinyesha huku wafugaji hufuata malisho, hakuna anayeaga. Wamepakia nyumba juu ya ngamia, wameondoka. Mzee amebeba dawa zake. Hodan hana hata kidonge.

Simu ya mama yake imezimwa. Nimepiga mpaka betri yangu nayo ikafa.

Kesho alfajiri nakwenda visimani, kule mifugo inakonyweshwa. Sitauliza habari za mtoto mgonjwa. Nikiuliza hivyo watu watawaficha, maana dada yake Hodan ana mchumba, na nani ataoa kwenye nyumba yenye kifua? Nitaulizia ngamia wao tu, wale wenye alama ya ukoo shingoni. Alama ya ngamia huku kila mtu anaijua, na hakuna anayeona haya kuitaja.

Lakini moyo haunitulii. Kwa mtoto mdogo ugonjwa huu hauna subira, unaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Niliwahi kuona. Sitaki kuandika nilichokiona.

Je, nikichelewa?

Kazi hii imenifanya nichukie sauti ya mtoto anayekohoa. Nikiisikia tu sokoni, naacha ninachonunua na kumtafuta anayekohoa. Kesho, wallahi, nikikikaribia kibanda chao, naomba niisikie.