Kamera Uliyoniambia Niiuze

Tabora

Kaka Nassibu,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, na karanga tumeshapanda.

Uliniambia niuze kamera yako ya zamani kwa kuwa simu inatosha. Ijumaa nilimpiga mama picha kwa simu, akasema, "Huyu binti simjui." Simu ilikuwa imemfuta makunyanzi yote. Nikampiga kwa kamera yako. Akatabasamu: "Sasa huyu ndiye mimi, Mwanahawa mwenyewe."

Kwa furaha nikaitega kamera, nikakaa karibu yake tupigwe pamoja. Alipoiona picha hiyo akaniuliza kwa upole, "Na huyu aliyekaa na mimi ni nani?"

Sielewi, kaka. Wewe uliye mbali anakutaja kila asubuhi. Mimi ninayemwogesha hanijui.

Kamera siiuzi. Njoo tupigwe sote watatu.

Mdogo wako,
Tunu