Daftari la Wifi

Mabawe, Ngara
4 Machi 1979

Kaka Audax, shikamoo.

Huku sote wazima, na maharage yamekubali. Mkeo Speciosa anasoma Kiingereza kila jioni kwa Mwalimu Desderius, yule anayetugawia barua zinazopitia shuleni. Mwalimu anasema tangu uende vitani hujaandika hata moja.

Jana nilifungua daftari la wifi. Swali lilitaka vitenzi vinavyokwenda na neno "letter". Amejibu kwa Kiingereza: andika, tuma, pokea. Kisha kwa hiari yake ameongeza: ficha, choma. Mwalimu amevitia vema vyote, na pembeni ameandika, "Umeelewa."

Mimi sisemi kitu. Ila ukijibu, tumia anwani ya parokia.

Ni mimi mdogo wako,
Kalista