Ukishuka Basi, Kata Kushoto

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Wajukuu wamepona mafua, na cherehani yangu imepata mkanda mpya.

Harusi ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Panda basi la saa kumi na mbili, ushuke kituo cha mwisho, mbele ya kiwanda cha magodoro. Fuata lami hadi duka la vioo, kata kushoto. Mlango wa kijani ndio kwa fundi bomba, bwana harusi wangu.

Nimesikia umewaambia ndugu kwamba mjane wa miaka hamsini na sita akiolewa tena anawatia aibu, na kwamba atakayekuja asikanyage tena kwako. Sawa. Miaka tisa nimeishi peke yangu, hukuniuliza hata siku moja nimeamkaje. Leo ndiyo umekumbuka una dada?

Mama alifika jana, peke yake, na fimbo yake. Nikamwuliza, "Kaka anajua?"

Akacheka. "Nilimzaa mimi, hakunizaa yeye."

Atakaa mbele. Kiti cha pembeni yake ni chako, lakini ukichelewa atakikalia mwingine.

Ni mimi dada yako, bibi harusi.