Chupa Nilizokuoshea

Kabula,

Shikamoo sikupi. Mimi nimekuzidi masika mawili. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniamkia kila asubuhi ng'ambo ya mikonge, hata ukiwa na haraka zako. Sasa umenitangulia kama mtoto asiyefundishwa adabu, na mimi nasimama pale mpakani asubuhi na marahaba yangu mdomoni.

Unaujua mwandiko wangu. Tulikaa benchi moja kwenye kisomo cha watu wazima, ukawa unanicheka kwamba herufi zangu zinatembea kama ng'ombe wasio na mchungaji. Basi zichunge mwenyewe, maana hili nililonalo siwezi kumpa mtu mwingine aniandikie.

Kwenye kikundi chetu cha uyoga wanasema uliuza mbegu kabla ya kufa. Wanasema ulikula peke yako. Nimelisikia kisimani, nimelisikia kwenye mashine ya kusaga, nimelisikia kwa wanawake ambao mkonge hawajaukwangua hata siku moja. Anayejua kwamba ni uongo ni mimi peke yangu. Na nimenyamaza.

Ngoja niseme kwa mpangilio, usije ukanikatiza kama kawaida yako.

Sisi tulikuwa watu wa kamba. Mikonge ile wakwe zetu waliipanda kuonyesha mpaka, sisi tukaja kuikata majani, kukwangua, kuanika nyuzi, kusokota kamba za kufungia ng'ombe. Makapi tulitupa ziwani. Wavuvi walitutukana kwa ule uvundo, na mikono ilituwasha mpaka kwenye viwiko. Miaka yote hiyo, na hakuna aliyewaza kwamba tulikuwa tunatupa chakula. Mpaka wewe uliporudi kutoka kwenye mafunzo kule Nyegezi ukasema makapi yale yale yanaotesha uyoga. Nikakwambia, "Kabula, jua limekupiga." Ukasema, "Huo mdomo wako utaula huo uyoga, na utaomba uongezwe."

Niliomba niongezwe. Nakiri.

Tukawa tunaanika makapi, tunakatakata, tunaloweka, tunayapika kwa mvuke kwenye pipa, tunajaza mifuko, tunatia mbegu, tunaning'iniza kwenye kile kibanda chako chenye giza. Uyoga ukatoka kama masikio meupe. Ukatafuta mgahawa Pasiansi wakawa wanauchukua wote. Wande, mjane yule, akatoa nyasi juu ya nyumba akapiga bati. Mimi nikanunua godoro, la kwanza maishani mwangu ambalo halikununuliwa na mwanaume, na nikawa nalala katikati makusudi.

Mkutano wako wa mwisho sikuja. Nilikuwa nimenuna. Asubuhi ile ulikuwa umesema mbele ya watu kwamba nakwangua vibaya, naacha nyuzi kwenye makapi. Ni kweli naacha. Lakini mtu mzima anaambiwa pembeni, Kabula, hata ukubwani hilo hukujifunza. Kumbe siku hiyo ndipo ulipowaambia wenzako kwamba yule bwana wa Nyakato anayetuuzia mbegu anahama, na kwamba wasihangaike, umejifunza kuitengeneza mwenyewe. Ukawaambia iko chini ya kitanda chako, kwenye chupa za soda.

Mimi sikulisikia hilo. Nilikuwa nyumbani nimekaa na hasira yangu.

Siku ya tatu ukaanguka uani. Wakasema presha. Tulikuwa bado hatujasemezana.

Matanga yalipokwisha, mawifi zako wakanipa mimi kazi ya kufagia chumba chako. "Wewe ndiye ulikuwa ndugu yake kuliko sisi," wakasema. Nikaingia nimejifunga khanga kiunoni. Nikainama chini ya kitanda, nikakuta chupa nane zimezibwa kwa pamba. Nikainua moja kwenye mwanga. Mtama, Kabula. Mtama umeota ukungu mweupe, umeshikana kama sufu.

Mbegu ya yule bwana ilikuja kwenye mifuko, na kuitia ilikuwa kazi yako, mimi nilikaa kwenye kukwangua. Kitu kile sikukitambua. Nilichowaza ni aibu. Nikawaza hawa mawifi watasema Kabula alikuwa mchafu, alikuwa analala juu ya mtama uliooza. Hawataliona hili, nikasema, nikiwa hai mimi. Nikatoka na chupa zile kwa mlango wa nyuma, nikawamwagia kuku. Nikazisugua kwa majivu na mchanga, nikazipanga ukutani zikameta. Wifi yako mkubwa akapita akasema, "Mwanamke mwenye rafiki kama huyu hafi akaaibika."

Kuku walikula wakashiba. Nikalia kwa raha, unielewe. Niliona nimekulipa kwa siku zile tatu za kununa.

Wiki iliyofuata tukakutana. Bwana wa Nyakato ameshahama, simu yake haipatikani. Wande akauliza, "Sasa ile mbegu ya marehemu iko wapi? Alituambia iko kwenye chupa chini ya kitanda."

Wote wakanigeukia, maana mimi ndiye niliyefagia.

Nikauona ule mtama, kumbe ndiyo mbegu, nikawaona kuku. Na hawa wanawake wamezoea kuniogopa, wananiita Bibi, wanajua Bibi hakosei. Nikasema, "Chupa nilizikuta tupu."

Maneno matatu tu. Wakatazamana. Mmoja akasema basi atakuwa ameuza. Mwingine akasema alionekana stendi na mfuko. Na mimi, ninayewafokea watoto kwa kusema uongo kuhusu sukari, nikaangalia miguu yangu.

Sasa sikiliza yalivyokuwa tangu hapo. Kibanda chako wamefungia mbuzi. Pipa limetoboka kwa kutu. Makapi tumerudi kuyatupa ziwani, na wavuvi wamerudi kututukana. Mgahawa wa Pasiansi ulituma mtu mara moja, hakutuma tena. Wande anaponda kokoto kule kwenye mawe, mwanamke wa umri ule, na jiwe limemchana karibu na jicho. Nilimpelekea uji. Akasema, "Asante Bibi. Rafiki yako alitumaliza." Nikamshikia bakuli anywe. Bakuli, Kabula. Nilimshikia bakuli.

Tulipeleka wawili Nyegezi wakaulize pale ulipofunzwa. Waliambiwa mafunzo yale yalikwisha, waliofundisha wameondoka. Ningalikuuliza mwenyewe jinsi ya kuitengeneza, ulikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ulianza kunieleza mara moja na nikakwambia usiniletee mambo ya chupa. Lakini na wewe nawe, kwa nini hukurudia? Uliniogopa lini wewe?

Kisha akaja mwanao Milembe kutoka kwake Pasiansi kusafisha kaburi. Alikuwa ameyasikia njiani. Akaja kwangu, akapiga magoti, akaniamkia, akaniuliza, "Mama mkubwa, ni kweli mama aliuza mbegu ya wenzake?" Ana macho yako yale yale. Nikamjibu, "Hayo mambo ya wakubwa." Akainuka, akajifuta magoti. Chai niliyompikia hakuinywa. Aliondoka bila kupita kwa mtu yeyote, na sidhani kama atakuja tena kuzuru kijiji kinachomwita mama yake mwizi.

Tangu siku ile sili vizuri. Usiwaze kwamba ni ugonjwa.

Najua nikisema, mbegu haitarudi. Kuku wameshakufa kwa kideri, hata wao. Wande hatatoka kwenye kokoto kwa sababu Bibi ametubu. Watanichukia, na watakuwa na haki, na kikundi kitakufa kama kilivyokwisha kufa. Sina habari njema ya kukupa na sitaitunga. Sijaona dawa ya jambo hili, nimetafuta.

Lakini jina lako ninaweza kulirudisha. Hilo liko mdomoni mwangu, na huu mdomo, kama ulivyokuwa ukisema, haujawahi kukosa kazi. Jumapili hii wakitoka kanisani nitawasimamisha wote pale nje, pamoja na mawifi zako, na nitasema: chupa zilikuwa zimejaa, nilizimwaga mimi, halafu nikasema uongo. Nitasema nikiwa nimesimama, ili wa nyuma wasikie. Jumatatu nitapanda gari kwenda Pasiansi kwa Milembe. Nitampigia magoti mimi, mkubwa, na kama atanifungia mlango nitasema huko nje ya mlango.

Msamaha sikuombi leo. Mtu haombi akiwa bado ameficha. Nikitoka kwa Milembe nitakuja hapo kaburini, ndipo tutazungumza.

Lala, mdogo wangu. Utavumilia jina baya mpaka Jumapili.

Mimi, Ng'wana Shija