Kasha la Miwani ya Mama

Jumatatu, 2 Juni

Kidonge cha kumi na mbili leo. Nimekimeza bafuni, bomba likimwaga maji, kama mwizi. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne! Lakini Baba nitamwambiaje? Mtaa mzima unamwita Daktari wa Majani. Watu wanatoka mbali kuja kukaa kwenye benchi la ukumbini kwetu na mioyo yao mizito, wanaondoka na dawa. Halafu binti yake mwenyewe kaenda hospitali kwa siri kutibiwa huzuni. Mganga hajigangi, sawa. Na nyumba yake je?

Kwa hiyo natumia vyote. Asubuhi kidonge, kisha kikombe cha maua yake ya njano, mbele yake, mpaka tone la mwisho. Ananitazama koo likipanda na kushuka. Jioni kikombe tena.

Kazini nimeangusha skrubu tatu. Skrubu ya miwani ni ndogo kuliko chembe ya mchele, ikidondoka ndiyo basi. Mikono inatetemeka. Bosi kaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 5 Juni

Jasho. Shuka limelowa chapachapa. Moyo unakimbia nami nimekaa.

Kifungua kinywa, kikombe kimegonga kisahani mkononi mwangu — ti ti ti — Baba akageuka ghafla. Nilijua amesikia nini. Wiki yake ya mwisho, kikombe cha Mama kililia hivyohivyo. Jasho hilihili. Macho hayatulii. Siku ya tano mwili ukawaka moto, na kabla gari halijafika akawa ametutoka. Homa, tukasema. Miezi minane sasa.

Shangazi alikuwepo. Kaweka kijiko chini, kasema Mama ananiita. Kasema kikawaida tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha. Baba kamkemea, dada yake wa damu, akamwambia asimtishe mtoto. Lakini baadaye nimemwona akiongeza maua kwenye sufuria. Sasa ni vikombe vitatu kwa siku.

Naogopa. Naandika ili niwe nimesema mahali. Naogopa.

Jumapili, 8 Juni

Nasikia kikombe hata pasipo na kikombe. Nikiwa naoga. Nikiwa dukani. Leo nimeitazama mikono yangu juu ya meza nikadhani ni yake — nilitafuta pete.

Mama, kama ni wewe, nimekukosea nini? Ni ile miwani? Bawaba ilivunjika, ukaniomba mara ngapi, kila siku nakujibu kesho. Fundi miwani mzima, mama yake anasoma kwa miwani iliyofungwa uzi! Baada ya mazishi Baba alinipa kasha lake. Nikalitia kwenye droo yangu ya kazini, na sijalifungua hata siku moja.

Alasiri Baba kaja kukaa kitandani kwangu. Kasema lile analolisema kila mara, ndilo linalompa usingizi: "Mama yako hakunyweshwa na mtu baki. Nilimnywesha kwa mkono huu." Akaninyooshea kikombe kwa mkono huohuo. Nikanywa.

Jumatano, 11 Juni

Nimezimia kazini, kwenye meza, katikati ya lenzi za watu. Bosi kanikokota mpaka duka la dawa la jirani. Mfamasia, dada mmoja mkavu, hacheki na mtu, kauliza natumia nini. Nikataja kidonge. Na kingine? Hakuna. Akarudia: "Kingine. Hata cha majani."

Nikasema yote. Uso wake ukabadilika. Kasema kidonge na yale maua vinasukuma kitu kimoja kwenye ubongo. Kila kimoja peke yake kina wagonjwa wake, lakini ukivichanganya vinaweza kukuchemsha mpaka ufe. Kanipeleka zahanati mwenyewe. Wamenitundikia maji, wamenilaza mpaka alasiri. Maua basi, kabisa. Kidonge nacho kisimame kwanza mpaka daktari anione tena Jumatatu.

Kwenye foleni ya dawa nimemwona yule mwalimu wa chekechea wa mtaani kwetu. Kakabidhiwa kisanduku cha bluu, dawa ileile yangu. Kakificha haraka kwenye mkoba. Tukajifanya hatujaonana.

Nilitoka pale nataka kucheka. Si Mama! Hakuna anayeniita! Ni sumu tu, nimejitia mwenyewe. Nilikuwa nimeshafika nyumbani, nafungua mlango, ndipo likanijia. Mama naye alitetemeka hivyohivyo. Na Mama alikuwa anakunywa maua tu. Maua tu. Sasa yeye kilimtetemesha nini?

Ijumaa, 13 Juni

Kikombe cha asubuhi nimelinywesha ua la dirishani. Linastawi, halina huzuni hata kidogo. Mikono imeanza kutulia.

Nimefungua droo.

Miwani ile, na uzi wake. Chini yake kitambaa cha kufutia. Chini ya kitambaa, pakiti ya vidonge. Dawa yangu. Jina lilelile, nguvu ileile. Vishimo tisa vitupu.

Ee Mama. Na wewe bafuni? Na wewe bomba likimwaga maji?

Nimempelekea mfamasia. Kageuza pakiti, kaigeuza tena. Kasema inawezekana, ila hawezi kuniapia kuhusu mtu ambaye hakumwona. Akanifungia kasha taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

Nimeitengeneza miwani. Dakika nne. Dakika nne tu!

Kwa Baba sisemi. Nimeapa. Mzee hana kingine cha kushika ila ule mkono wake. Nikimwambia, namnyang'anya hata huo.

Jumamosi, 14 Juni

Saa nne asubuhi. Nimejifungia chumbani.

Mwalimu wa chekechea kaja. Kakaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Moyo mzito, kasema, usingizi hakuna. Baba hakumuuliza kama anatumia kitu kingine. Huwa haulizi. Kwake yeye hakuna kitu kingine. Kanituma nichuje, nikachelewa makusudi jikoni, akaja kumimina mwenyewe. Nilitoka nikakuta kikombe kiko mdomoni mwa mwanamke wa watu.

"Usinywe," nikasema. "Kama umeanza vile vidonge vya kisanduku cha bluu, usinywe. Vinaua."

Mwalimu akashusha kikombe. Akashika mkoba wake, akatoka bila kuaga. Baba hakufoka. Kauliza nimejuaje. Nikamwambia nami natumia, siku nyingi, na ndiyo maana nilitetemeka. Nikakimbilia humu kabla hajauliza jingine.

Amekuja mlangoni. Naviona vivuli vya miguu yake chini ya mlango. Hagongi. Kasimama muda mrefu mno, nikadhani analia. Kasha liko mapajani kwangu.

Sasa ameongea, polepole, kama mtu anayehesabu ngazi gizani.

"Mwanangu. Mama yako naye alikuwa anatumia?"

Anasubiri. Hajaondoka. Mkono wake ameuweka kwenye mlango, nausikia ukigusa mbao. Unatetemeka.