Spiriti Haifiki Humo

Februari 4

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Hamjambo? Mimi sijambo, ila hii nyonga mpya niliyowekewa ndiyo bado haijakubali kwamba sijambo. Daktari amesema safari ya ndege mwaka huu niisahau. Nilijaribu kumbembeleza, akanitazama vile nilivyokuwa nikiwatazama wajawazito waliotaka kutoroka wodini kwangu.

Kompyuta uliyonitumia imefika salama. Iko sebuleni, imetazamana na kochi. Aliyeiunganisha ni fundi wa kompyuta wa barabara ya chini, yule mama mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alipomaliza akanifungulia picha zako za kliniki. Mwanangu! Nimekuwa mkunga mpaka nikastaafu, lakini nilipomwona mjukuu wangu amekunja ngumi tumboni mwako, na mimi nimekaa kwenye kochi langu, nilisimama bila fimbo. Sikujua kama nimesimama mpaka fundi aliponishika mkono.

Umesema siku ya kujifungua unanitaka kwenye kioo, nikuongoze kwa sauti. Nitakuwepo. Ila nifundishe kuitunza hii mashine isije ikanizimikia siku hiyo. Nasikia nazo zinapata virusi. Kuishi kwingi kuona mengi.

Mama yako


Februari 6

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na nyonga nayo shikamoo, maana naona siku hizi ndiyo mkubwa wa nyumba.

Sisi wazima. Mtoto anacheza sana jioni nikilala ubavu. Mama, nikwambie ukweli, naogopa. Watu wa hapa ni wema, lakini kila nikienda kliniki nakutana na mkunga mwingine, na wote husoma jina langu kwenye karatasi. Mume wangu anaishiwa nguvu akiona sindano. Nikisikia sauti yako najua nitaweza. Bila hiyo, sijui.

Haya, kompyuta. Ile programu ya kinga niliyoiweka ina alama ya ngao kwenye kona ya chini. Ikiwa ya kijani, endelea na kazi. Ikiwa nyekundu, acha, mwite fundi. Mashine ikiomba kusasishwa, ikubalie, hizo ndizo chanjo zake, kwa sababu virusi vipya vinatokea kila siku. Barua ya mtu usiyemjua usiifungue hata akikuita mpenzi. Usipakue vitu ovyo. Na flashi za watu, vile vijiti vya kuhamishia picha, hizo ndizo wasambazaji wakubwa wa maradhi. Kuwa mwangalifu nazo sana.

Na mimi nina swali. Miguu inavimba jioni. Ni kawaida?

Mwanao


Februari 19

Mwanangu,

Hujambo, na tumbo halijambo? Miguu kuvimba jioni ni kawaida, iweke juu ya mto. Lakini ukivimba uso na vidole, au kichwa kikigonga na macho yakaona vimulimuli, usiniandikie mimi. Nenda hospitali papo hapo.

Sasa sikia ya huku. Jana nilikuwa nasoma habari, mara kioo kizima chekundu, king'ora kinalia: kompyuta yako imeshambuliwa na virusi, piga namba hii upesi! Mkono wangu ukaifuata simu wenyewe. Halafu nikajiuliza, tangu lini daktari wa kweli akapita mitaani akiwapigia watu kelele mlangoni kwamba wanaumwa? Nikaufunga ule ukurasa. Nikaitazama ngao, kijani kabisa, haina habari.

Hata hivyo nikaiamuru programu ikague mashine nzima, nikavuta kiti kuitazama. Mafaili yakapita maelfu kwa maelfu, yote inayapima, hairuki hata moja, haipigi miayo. Manesi wangu wa zamani wangekuja kujifunza hapa. Mwishoni ikaandika kwamba imekuta kitu kidogo cha kutilia shaka na imekiweka karantini. Karantini! Neno la wodini kwetu, nalo limo humo ndani! Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Hivi ni nani aliyekaa akawaza kwamba hata kitu kisicho na damu kinahitaji chumba cha kutengwa? Nilidhani nimeshamaliza kushangaa duniani.

Mama yako


Machi 12

Mama,

Shikamoo. Umzima kweli? Barua zangu hujibu. Nikikupigia simu unasema mambo shwari, halafu unakata haraka. Nakujua mama, wewe ukiwa na haraka hivyo kuna kitu unakificha. Kwenye kompyuta sikuoni tena. Mimi tumbo limeshuka, mwezi wenyewe ndio huo unakuja. Niambie tu kama unaumwa.

Mwanao


Machi 15

Mwanangu,

Usiwe na wasiwasi, siumwi. Inayoumwa ni mashine. Nakuandikia nikiwa dukani kwa fundi, kwenye kompyuta yake.

Jirani yetu mpiga picha alikuja na flashi yake anionyeshe harusi ya mwanawe. Wewe uliniambia niwe mwangalifu, na mimi nikawa mwangalifu. Nilichukua pamba, nikailowesha spiriti, nikaifuta ile flashi mbele na nyuma mpaka chuma chake kikang'aa. Nikasubiri ikauke. Glovu nilivaa pia. Ndipo nikaichomeka.

Harusi tuliiona, na bibi harusi alipendeza. Kesho yake mashine ikawa inajikokota, kufungua barua moja unaweza kupika na kula. Nikatafuta picha za mjukuu wangu, hazipo. Badala yake kuna vialama vidogo visivyofunguka. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Huyu alikuja mwenyeji akaugua.

Fundi akaniuliza nilifanyaje, nikamsimulia. Alivua miwani ya machoni, akavaa ya kichwani, akaivua na hiyo.

"Mama," akasema, "spiriti haifiki humo."

"Kwani inafika wapi?"

"Haifiki popote. Hivi si vijidudu mama yangu, ni maneno. Kuna mtu alikaa akayaandika."

Nikakaa chini. Mwanangu, nimepambana na magonjwa maisha yangu yote, lakini ugonjwa wa maneno matupu sijauona! Hauna mwili, hauna harufu. Ni amri tu, inamwambia kila inayemwingia: nizae, kisha nipitishe kwa mwenzako. Naye anatii. Jirani hakujua kitu, flashi yake inazunguka kwenye maduka yote ya kuchapisha picha, inabeba bila kuumwa. Hilo nililielewa bila kuelezwa. Wabebaji wa namna hiyo nimewaona wengi, na hawana kosa.

Kisha akafungua ubavu wa mashine. Vumbi lilitoka kama usufi wa mto, feni ilikuwa imekabwa. Akanionyesha kijibamba kidogo kuliko ukucha wangu, akasema humo ndimo yanamopita yote, barua zako, sauti yako, picha za mtoto. Nilimwomba anyamaze kidogo nikitazame.

Picha hazijafutwa, vile virusi vilizificha tu. Amezitoa akaziweka kwenye diski ya pembeni, na amenigombeza kwa kukaa bila nakala ya akiba. Sasa anataka kufuta kila kitu aipandishe programu upya, na kuna kipuri anakisubiri. Hajui kitafika lini. Sikukwambia kwa sababu niliogopa usije ukaogopa. Sasa tunaogopa wote.

Mama yako


Machi 16

Mama yangu,

Shikamoo. Glovu, mama? Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke, kisha nikalia, mume wangu akachanganyikiwa hajui anibembeleze au acheke.

Ikishindikana utaongea nami kwa simu ya kawaida, tutafanyaje. Lakini nakuomba mwambie fundi ajitahidi. Nataka unione.

Mwanao


Machi 30

Mwanangu,

Habari za hapo? Mgonjwa karudi nyumbani! Ana feni safi, kipuri kipya, ngao ya kijani. Anafunguka kabla sijakaa vizuri. Fundi ameondoa na zile programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe asubuhi bila kuitwa, walaji wa chakula cha bure tu hao. Jana tulipojaribu nilikuona mpaka kovu la kidevuni.

Nimetangaza mtaani: flashi yoyote ikiingia hapa inakaguliwa kwanza na programu, hata ya mkuu wa polisi. Jirani kaleta yake mwenyewe kutibiwa, kaja nayo ndani ya bahasha, kainamisha kichwa kama mzazi aliyechelewesha chanjo ya mtoto.

Kula, lala, tembea taratibu. Mimi niko tayari.

Mama yako


Aprili 9

Mama, chupa imepasuka. Maji ni meupe, masafi. Tunaelekea hospitali. Washa.

Mwanao


Aprili 11

Mwanangu, mama mwenzangu,

Hongera. Hongera tena. Najua umelala, usijibu.

Nilipopata ujumbe wako niliizima mashine na kuiwasha upya, nikakamilisha masasisho yaliyokuwa yakisubiri yasije yakanirukia katikati, nikafunga kila kitu isipokuwa wewe. Ilidumu asubuhi hadi jioni bila kukwama, feni ikipumua taratibu. Fundi alikuja na chai akakaa nami. Hatukuinywa.

Mkunga wenu alipokataza simu isielekezwe chini, nilitaka kumgombeza. Nitaongozaje nisichokiona? Mkwe wangu, Mungu ambariki, hakuishiwa nguvu. Akaishika simu mbele ya uso wako, hapo hapo, saa zote.

Mwanangu, kazi yangu yote nimesimama miguuni pa kitanda. Macho yangu yalikuwa kwa mtoto: kichwa, bega, kitovu. Nimewapokea wangapi sijui, na sijawahi hata mara moja kuutazama uso wa mama mtoto anapotoka. Hapakuwa na nafasi. Nilikuwa kazini.

Juzi sikuwa na mikono. Nilikuwa na macho tu, na uso wako umejaa kioo kizima. Nilisema sukuma, ukasukuma. Nilisema hema, ukahema. Halafu nikapotewa na maneno. Uliniuliza baadaye kama mtandao ulikatika. Haukukatika. Macho yako yalifunguka yakaona kitu ambacho mimi sikukiona, na kabla sijasikia kilio nikajua amefika, kwa sababu nilimwona kwanza usoni mwako.

Sasa nawaza wale wanawake wote, mwanangu. Wote walikuwa na uso ule, na mimi nilikuwa nimeinama.

Bibi yake